Khanga ya Mlangoni

Asubuhi moja pale stendi ya Katoro nilimwona binti akishuka kwenye basi la kutoka Mwanza. Alivaa kigauni cha rangi ya chungwa kilichoishia juu ya magoti, begi la magurudumu mkononi, uso wa mtu aliyeamka alfajiri. Alipogeuka kutafuta bodaboda akakutana ana kwa ana na mzee wa umri wa babu yake, fimbo mkononi, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilishaanza kuchoma. Walikuwa wanafahamiana. Na kwetu Usukumani mtoto wa kike akikutana na mzee anayemfahamu hampungii mkono akapita. Anapiga goti.

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale, nasubiri chai ipoe, kwa hiyo niliona yote. Binti aliachia begi. Mkono mmoja ukashika pindo la gauni kwa mbele, mwingine ukalivuta kwa nyuma, na gauni lile halikuwa na kitambaa cha kutosha pande zote mbili: likishuka nyuma linapanda mbele. Akainama nusu, akasita, akabaki hapo katikati, si aliyesimama wala aliyepiga goti. Mzee hakumwacha ateseke. Aligeuza shingo akatazama ng'ambo ya barabara, lilikoegeshwa lori la ng'ombe, akawatazama wale ng'ombe kama mtu aliyekuja kununua. Macho yakiwa huko huko akasema, "Mwangaluka, mwanangu. Inatosha, simama. Mama yako hajambo?" Wakasalimiana hivyo mpaka habari za nyumbani zikaisha, za mvua zikaisha, na za bibi anayeumwa miguu. Kisha mzee akashika njia yake bila kugeuka nyuma.

Tangu siku hiyo shingo ile iliyogeuka haijanitoka kichwani, na ndiyo sababu ya makala hii.

Hapa Geita tunazungumza sana juu ya mavazi. Tunayazungumza kanisani na msikitini, kwenye vikao vya mtaa, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye redio, na zaidi kwenye sherehe ambako bibi harusi ameacha mabega wazi na wajomba hawajui watazame wapi wakati wa kukabidhi zawadi. Mazungumzo yote hayo yanamhusu aliyevaa: kwa nini amevaa vile, nani kamlea, anataka nini. Anayetazama haulizwi neno. Macho yake, mdomo wake na kidole chake hatuvihesabu kuwa sehemu ya adabu. Mimi nasema hapo ndipo tumepotea, na nasema hivyo nikiwa mama wa mabinti, mtu ambaye hafurahii kuona skintaiti msibani.

Neno letu la mavazi ya heshima ni stara. Mzizi wake ni kusitiri, na kitenzi hiki kina kazi pana kuliko tunavyokumbuka tunapogombana. Nguo humsitiri mtu, ndiyo. Lakini pia rafiki humsitiri rafiki kwa kutotoa siri yake, mke na mume husitiriana madhaifu, na jirani humsitiri jirani aliyeishiwa kwa kumpelekea unga usiku ili watu wasione. Na mtu akifa tukamzika, tunasema tumemsitiri. Maiti haijivishi sanda. Wapo walio hai wanaofanya kazi hiyo, tena wanaifanya kwa shuka iliyotandwa juu, wakiosha bila kutazama kisichohitaji kutazamwa. Lugha yenyewe, basi, inajua kwamba stara ni jambo la watu wawili, anayesitiriwa na anayesitiri. Tumelichukua neno hilo tukalikata nusu, tukabaki na ile nusu inayopimwa kwa rula juu ya goti.

Macho yetu yanaiweza kazi hii, na hilo si la kudhani. Panda gari lolote linalotoka mjini Geita kwenda Nyarugusu au Nkome. Mama atapakata mtoto, mtoto atalia, mama atatoa ziwa atamnyonyesha, abiria wamebanana bega kwa bega, na hakuna atakayegeuka. Kijana aliyekaa kando yake ataendelea kuangalia simu yake. Konda atadai nauli akitazama dirishani. Hakuna aliyewapa semina. Wamekua wakijua kwamba kuna mambo ambayo mtu huyaona bila kuyatazama. Ziwa lile lile, likiwa nusu tu juu ya shingo ya blauzi ya binti asiye na mtoto, linageuza gari zima kuwa baraza la hukumu. Kilichobadilika ni ruhusa tuliyojipa sisi.

Na wanaume? Huku kwenye ukanda wa dhahabu tumezoea kuwaona bila nguo za kutosha kiasi kwamba hatuoni tena. Nenda Mgusu, nenda Rwamagasa, nenda kwenye rashi yoyote mpya ya dhahabu. Mchimbaji anatoka duarani, yaani shimoni, kifua wazi, suruali imekatwa ikawa pensi, pensi imelowa tope inamng'ang'ania mapajani, na anapita hivyo hivyo katikati ya soko mpaka kwa mama ntilie. Sijawahi kusikia mtu akimwambia kwamba anaharibu maadili ya watoto. Tunasema anatoka kazini, na ni kweli anatoka kazini. Chini kule kuna joto, na mtu hawezi kuponda mwamba amevaa koti. Sina ugomvi na kifua chake. Nauliza tu kwa nini mwanamke anayetoka mwaloni kuosha marudio, yale mabaki ya mchanga wa dhahabu, nguo zimelowa zimemganda mwilini kwa maji yale yale ya kazi ile ile, hapati utetezi huo. Yeye hupigiwa miluzi. Wanawake wa mwaloni wamelijibu swali hili kwa akili yao wenyewe: wengi huvaa suruali ndani, khanga juu, na fulana pana ya mwanaume. Anaweza kukaa chini, kutanua miguu, kuinuka na karai, na asitoe nafasi ya neno. Ni vazi la kazi walilolibuni bila msaada wa mtu yeyote, na kwa upande wa joto wanalilipia kila siku.

Namfahamu mama ntilie mmoja karibu na makarasha ya kusagia mawe ambaye amemaliza suala hili kwenye banda lake kwa njia ninayoipenda. Pembeni ya ndoo ya kunawia ametundika mashati mawili matatu ya mtumba, makubwa. Mchimbaji akija kifua wazi, yeye anamwambia, "Karibu mwanangu, nawa, shati hilo hapo," kwa sauti ile ile anayosemea kwamba leo kuna maharage na dagaa. Kijana anavaa, anakula, anavua, anarudisha. Sijaona aliyekasirika. Hajaambiwa kwamba ni mchafu wala kwamba hana adabu. Ameambiwa shati liko wapi.

Hayo ya mama ntilie na ya mzee wa Katoro ni elimu ya zamani, na inabidi niseme hapa kwamba zamani yenyewe tunaikumbuka vibaya. Tunaposema mavazi ya mababu zetu, hatuna budi kukubali kwamba mababu zetu huku Unyamwezi na Usukuma walivaa ngozi kabla vitambaa havijaenea, na kwamba merikani na kaniki tunazoziita za jadi zilifika kwenye vichwa vya wapagazi wa misafara ya biashara. Sehemu ya mwili iliyokuwa wazi wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya binti yeyote wa Katoro leo. Heshima ilikuwepo, na ilikuwa nzito. Ilikaa kwenye goti lililopigwa, kwenye mkwe ambaye mtu hakumkazia macho, kwenye njia aliyopisha kijana ili mama mtu mzima apite. Heshima ya macho na mwenendo ilitangulia heshima ya kitambaa.

Serikali na vyama vimejaribu mara nyingi kuianzia kwenye kitambaa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi, dawa za kujichubua na nguo za kubana vingepigwa marufuku Dar es Salaam. Januari haikungojwa. Oktoba hiyo hiyo vikundi vya vijana vilishawavamia wanawake kwenye eneo la mabasi Kariakoo, wakijipa kazi ya kuwapima urefu wa sketi. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakitoa hoja ile ile ya mababu na ngozi. Mwanahistoria Andrew Ivaska amelieleza sakata hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2011, na kinachonigusa mimi ni jinsi marufuku iliyotangazwa kwa jina la heshima ilivyozaa, ndani ya siku chache, wanaume wenye mikono kwenye nguo za wanawake wasiowafahamu.

Hadithi hiyo imejirudia kwa majirani. Uganda ilianza kutumia sheria dhidi ya ponografia mwaka 2014, watu wakaielewa kuwa sheria ya vimini, na wanawake wakavuliwa nguo barabarani kabla Mahakama ya Katiba haijafuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo kituo cha mabasi na video ikasambaa. Wanawake wakaandamana tarehe 17 mwezi huo, na Kenya ikaandika kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Waliowavua wanawake hao walidai wanatetea stara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja na khanga.

Lakini tusiwanyooshee kidole majirani wakati la kwetu tunalo, tena lina mtu wa mkoa wetu ndani yake. Tarehe 1 Juni 2021, bungeni Dodoma, Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kuomba mwongozo wa Spika kuhusu mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake, akamtaja mmoja kwa mahali alipokaa na rangi ya blauzi yake. Alikuwa Condester Sichalwe, Mbunge wa Momba, blauzi ya njano na suruali nyeusi ndefu. Spika Job Ndugai akamtaka atoke akavae vizuri kisha arudi. Alitoka, kamera zikimfuata. Baadhi ya wabunge wanawake walipinga baadaye wakidai mwenzao aombwe radhi, na nchi nzima ikajadili suruali ile kwa wiki nzima.

Sitaki kumwonea mbunge huyo. Bunge lina kanuni za mavazi na mbunge yeyote ana haki ya kuzikumbusha. Kama suruali ile ilizidi kipimo cha kanuni au haikuzidi, waliokuwepo ukumbini ndio waamue. Ninachokitazama ni njia. Ukumbini palikuwa na wanawake wengi. Palikuwa na wahudumu. Palikuwa na karatasi na kalamu, na desturi ya siku zote ya kupelekeana vijikaratasi. Mtu angeweza kumwomba mbunge mwenzake wa kike ainuke, ainame sikioni kwa Sichalwe, aseme maneno matano. Angetoka kama atokaye kupokea simu. Badala yake, mwili wa mwanamke ukaelezwa kwa kipaza sauti mbele ya taifa, na kila Mtanzania ambaye asubuhi ile hakujua suruali hiyo ipo akaitafuta kwenye simu ili aione. Kama lengo lilikuwa kusitiri, kilichotokea ni kinyume kabisa cha kusitiri. Hukumu yangu ni hiyo, na sioni namna ya kuilainisha.

Najua yupo atakayeniuliza: kwa hiyo watu wavae watakavyo, sisi tugeuze shingo? Hapana. Nimesema stara ni ya watu wawili, na anayevaa hajatolewa. Anayekwenda msibani anajua anakwenda msibani. Anayekwenda kwa wakwe anajua kwamba atakaa kwenye mkeka, atapokea maji kwa magoti, atapita mbele ya baba mkwe mara ishirini kwa siku. Kuvaa kigauni kisichoruhusu lolote kati ya hayo ni kuwatesa watu wengine na kujitesa mwenyewe. Wazee wetu wanapolalamika, wengi hawasemi kwa chuki. Mzee anayelazimika kukimbiza macho nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya watoto wa mwanawe, anaumia kweli, na kijana anayecheka maumivu hayo hajakomaa. Mabinti zangu nimewafundisha kuweka khanga kwenye mkoba kama wanavyoweka simu. Mtoto wangu wa kiume nimemwambia kwamba suruali ya kata kei inayoonyesha nguo ya ndani haitaingia sebuleni kwangu, na haijaingia.

Hata hivyo nawaomba wazee wenzangu waende siku moja Katoro, pale inapofunguliwa mitumba. Belo likikatwa, nguo zinamwagika, watu wanainama. Nguo zile zilishonwa kwa ajili ya miili mingine, majira mengine, barabara zingine. Binti mwenye elfu tano hachagui maadili pale, anachagua kilicho kizima na kinachomwenea. Ukitazama vizuri utaona wengi wanatoka hapo moja kwa moja kwa fundi cherehani. Fundi mmoja wa pale anaweka kopo la vipande vya vitambaa chini ya mashine yake kwa kazi moja tu: kufunga mipasuo. Msichana analeta sketi ya kazi yenye mpasuo unaofika pajani, fundi anaupima kwa kiganja, anachagua kipande cheusi kinachokaribiana, anakishona kwa ndani kama ulimi, ili mguu upate nafasi ya kupanda pikipiki na paja lisionekane. Niliangalia akifanya tatu mfululizo. Msichana aliyelipa kwa ajili ya kipande hicho cha kitambaa anajali stara. Sisi tunamwona barabarani baadaye tunaona tu kwamba sketi inabana.

Na hiyo pikipiki inastahili neno lake. Usafiri wetu wa kila siku mjini na machimboni ni bodaboda, na bodaboda haikutengenezwa kwa sketi. Mwanamke akikaa upande ili ajihifadhi, akishika kiti kwa mkono mmoja, tuta moja tu linaweza kumtupa chini. Akitanua miguu akae salama, sketi inapanda. Kila asubuhi maelfu ya wanawake huamua kati ya kuvunjika na kutazamwa. Nilipanda juzi na dereva kijana, hata ndevu hazijamwota vizuri, na kabla sijakaa alinyoosha mkono akageuza saiti mira ya kushoto ikatazama mashamba. Nilidhani imelegea. Nilipomuuliza tulipofika alisema, "Huwa naigeuza akina mama wakipanda, wapande kwa nafasi." Nilipokwisha kukaa, kabla hatujaondoka, alikuwa ameshairudisha itazame barabara. Kijana huyo kwa macho yangu ni mwalimu.

Kuna mahali ambapo hatuna mwalimu. Baa za machimboni, kwa mfano, ambako mhudumu huvalishwa sare fupi na tajiri mwenye baa, kisha mteja mwenye hela ya kifusi akimpapasa tunasema, "Na yeye alivyovaa!" Sare hakuichagua yeye. Angekuwa ameichagua pia isingebadili kitu. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliingiza unyanyasaji wa kijinsia kwenye Kanuni ya Adhabu, na maneno, ishara na kushikwa vimo humo. Sijaona mahali ambapo sheria inataja urefu wa sketi ya aliyeshikwa. Kwa hili sina maneno mengi, maana halina pande mbili.

Nirudi kwenye aibu ndogo ndogo, zile za kila siku ambazo hakuna mbunge wala polisi atakayezishughulikia. Zipu ya mwalimu imebaki wazi mbele ya darasa. Suruali ya baba wa watu imechanika nyuma na yuko wa tatu kwenye foleni ya benki. Gauni la mama mchungaji limepandana na soksi baada ya kutoka msalani. Kifungo cha blauzi ya keshia kimefyatuka. Watu thelathini wanaona, na thelathini wananyamaza, kila mmoja akiomba mwingine aseme. Tunajiambia kwamba tumenyamaza kwa heshima, kumbe tumeogopa tu. Wakubwa zangu walikuwa na utaratibu. Mwanamke huambiwa na mwanamke, mwanaume na mwanaume. Mkubwa haambiwi na mtoto mbele ya watu. Mtoto hutumwa amwite pembeni, "unaitwa kule". Ukifika kule unaambiwa kwa ufupi, bila kicheko, na anayekuambia anasimama upande ule wa uwazi mpaka umalize kurekebisha. Baada ya hapo halizungumzwi tena, hata baada ya miaka kumi, hata kwenye ngoma. Marehemu shangazi yangu alikuwa na ishara yake: alikuwa anajirekebishia khanga yake mwenyewe mbele yako, polepole, akikutazama usoni. Aliyeijua ishara hiyo alijikagua haraka.

Sasa lile jingine lililonifanya nikae nikaandika. Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya umma mkoani kwetu, ambayo siitaji. Mlangoni, kwenye msumari, limetundikwa bango mnalolijua nyote: picha za watu waliovaa vimini, pensi, mlegezo, nguo za kubana, zimepigwa mistari myekundu. Waraka wa serikali wa mwaka 2007 kuhusu mavazi uliandikwa kwa ajili ya watumishi wa umma. Leo mabango ya namna hii yanamsimamisha hata mwananchi aliyekuja kuomba huduma. Mbele yangu alikuwa msichana aliyetoka machimboni, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Alikuja kufuatilia karatasi za mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, amelala. Msichana alivaa skintaiti na fulana. Mlinzi akamwonyesha bango. "Dada, huwezi kuingia hivyo. Kafunge khanga."

Khanga alikuwa nayo. Ndiyo iliyombeba mtoto.

Alisimama pale akafikiria. Akashika fundo la mbeleko kifuani, akaanza kulilegeza, mtoto akashtuka akalia, akalikaza tena. Akatuangalia sisi tuliokuwa nyuma yake, na sisi, watu wazima kumi na zaidi, tukatazama viatu vyetu. Hata mimi. Nilikuwa na gauni tu na mkoba, khanga yangu niliiacha nyumbani siku hiyo, lakini ningeweza kumpokea mtoto, ningeweza kusema neno na mlinzi, na sikufanya lolote. Msichana akageuka kuondoka. Nauli yake ya kuja na kurudi, na siku nzima bila kuponda jiwe hata moja, vimepotea.

Nje ya geti kulikuwa na mama anauza maandazi. Hakuuliza kitu, alishaona mengi pale. Alisimama, akafungua khanga ya juu aliyojifunga kiunoni, akabaki na gauni lake, akamfunga yule msichana kwa mikono yake mwenyewe, akazungusha, akachomeka ncha kwa ndani, akampigapiga kiunoni kama anavyopigwa mtoto anayepelekwa shule. "Nenda mwanangu. Ukitoka utaniachia hapa." Msichana akarudi, mlinzi akasogea kando, na nilimwona mlinzi naye akishusha pumzi, si mtu mbaya, ana wakubwa wanaomuuliza. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Siku ile ilisitiri, na ilitusitiri hata sisi wa kwenye foleni ambao hatukuwa na hata neno la kuazimisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa ofisi za umma, hospitali na mahakama hapa mkoani, na kwa wenzao wa mkoa jirani wa Shinyanga pia. Sisemi mtoe mabango. Nunueni doti moja moja ya khanga, mkate katikati zipatikane mbili, mzipinde pindo na kuzifua kila Ijumaa. Zitundikeni kwenye msumari ule ule ulioshika bango, na mwambieni mlinzi kwamba anayefika hajavaa inavyotakiwa apewe, aingie, ahudumiwe, arudishe akitoka. Wekeni na shati moja kubwa kwa ajili ya wachimbaji. Mama wa maandazi amekuwa akiifanya kazi hiyo peke yake, kwa khanga yake mwenyewe, na nilipopita pale wiki iliyopita alikuwa bado anaifanya.